Kabla ya Kumtoa Mtoto Shuleni, Tuulize Atakayemsomesha



Himdi zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Yapata miaka mitatu iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa, alinijia baba mmoja wa mtaani kwetu nikiwa nimesimama mlangoni mwa msikiti, viatu vi mkononi. Alikuwa na dhiki. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa akirudi kutoka shuleni na maneno machafu. Adhuhuri ilikuwa ikimpita kila siku ya masomo, na wavulana wakubwa walikuwa wakimwonyesha kwenye simu mambo yasiyofaa kutazamwa na mtu mzima, seuze mtoto. Akaniuliza, "Sheikh, nikimtoa nikamsomesha nyumbani, nitakuwa na makosa?" Nikamjibu, "Dini ya mtoto kwanza. Mtoe." Nikavaa viatu nikaenda zangu.

Mwezi wa Rajabu uliopita mke wa bwana yule alikuja nyumbani kwangu pamoja na kaka yake. Mke wangu akaketi nasi ukumbini, na mama yule akaeleza lililomleta. Siku chache kabla, alikuwa amekwenda mazikoni, akamwacha bintiye mdogo, aliyekuwa na homa, kwa nyanyake. Mwenye duka la dawa alikuwa ameandika juu ya chupa: ½ × 3. Nyanya hajui kusoma, hivyo akampa yule mvulana asome. Mvulana sasa ana miaka kumi, na amehifadhi juzuu mbili kwa sauti inayoliza. Akatazama chupa, akaona moja, akaona mbili, akaona tatu. Aliona haya kusema kuwa hajui. Akasema, "Kijiko kimoja, au viwili, mara tatu." Nyanya akamimina viwili. Kwa rehema za Mola, jirani aliyeingia kuazima mbuzi ya kukunia nazi aliitazama ile chupa na kumshika mkono.

"Sheikh," mama akaniambia, bila ya kupandisha sauti, "baba yake alikuuliza wewe, na wewe ukamjibu. Mimi niliyetakiwa nisomeshe, hakuna aliyeniuliza."

Sikuwa na la kusema. Mimi ndimi nisomeshaye mirathi msikitini siku za Jumapili, na elimu ya mirathi yote imesimama juu ya mafungu sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Kijana aliyetolewa shuleni kwa neno langu hakuijua nusu. Na jawabu nililompa babake, viatu mkononi, nalo lilikuwa nusu: nilisema mtoto atoke wapi, nisiseme aingie wapi.

Tangu siku hiyo nimekaa na wazazi kadhaa wanaosomesha watoto wao nyumbani, au wanaofikiria kufanya hivyo. Makala haya ni matokeo ya mazungumzo hayo. Sikusudii kumkataza mtu, wala kumshawishi. Nakusudia kuweka mbele ya kila mzazi masuala ambayo nilipaswa kumuuliza baba yule.

Jambo hili si geni kwetu

Kusomesha nyumbani hakukuletwa pwani na watu wa mbali. Vyuo vyetu vingi vya Kurani vilikuwa, na vingine vingali, ni ukumbi wa nyumba ya maalim, mkeka na mbao za kuandikia. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa mawaidha ambao hadi leo wasomwa na kuchambuliwa. Hilo lilikuwa darasa la mama na mwanawe ndani ya nyumba. Na katika Kurani Tukufu tunaye Luqman, akimkalisha mwanawe na kumpa nasaha kwa mpango: kwanza tauhidi, kisha haki ya wazazi, sala na subira, hatimaye adabu ya kutembea na ya kusema. Hakumtupia yote kwa pamoja, wala hakumwachia mwingine.

Lakini tusichukue upande mmoja wa historia yetu tukauacha wa pili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, hapa hapa Mombasa. Katika kazi yake aliwahimiza Waislamu wa pwani wasibaki nyuma katika elimu za zama zao, huku wakiishika dini yao. Mwanachuoni huyo hakuona kuwa hesabu na Kurani ni wake wenza wanaogombania nyumba moja.

Aidha, sote tuliwahi kuonja kazi hii bila ya kuichagua. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, watoto wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021. Tulijifunza mengi miezi ile. Wako waliogundua kuwa watoto wao ni werevu kuliko walivyodhani. Wako pia waliogundua kuwa kumpenda mtoto na kumsomesha ni kazi mbili mbalimbali, na ya pili yataka subira ya kipekee.

Nani atasomesha, na saa ngapi?

Hili ndilo suala la kwanza. Mara nyingi baba husema, "Tutamsomesha nyumbani," na maana ya "tutam-" ni mama peke yake. Mama yule niliyemtaja alikuwa na watoto watatu walio wadogo zaidi. Huamka kabla ya Alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, huosha, hupika, huenda kliniki. Mumewe huondoka alfajiri kwenda dukani Kongowea na kurudi baada ya Isha. Kurani ilisomeshwa kila siku, kwa sababu yuko maalim aliyekuja kwa saa yake. Kusoma, kuandika na hesabu kuliahirishwa hadi kesho, na kesho ikawa miaka mitatu. Sikuona uvivu wowote katika maisha ya mama yule. Niliona mzigo wa watu wawili juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Basi, mzazi mwenzangu, kabla ya kumtoa mtoto chukua karatasi uandike saa za siku, kisha uandike jina la atakayesomesha mbele ya kila saa. Pasipokuwa na jina, hapana somo. Familia moja niliyoizungumzia nayo imeupanga mchana kwa kufuata sala. Baada ya Alfajiri ni kuhifadhi Kurani, akili ikiwa bado nyepesi. Saa mbili na nusu hadi saa nne ni hesabu na kusoma, kwa vipindi vifupi. Baada ya chai ni sayansi au mazingira, na kuandika. Baada ya Adhuhuri ni kula na kupumzika, na baada ya Alasiri ni michezo. Kati ya Magharibi na Isha baba ndiye mwalimu, na hakuna simu. Mtoto mmoja anayesomeshwa ana kwa ana hahitaji kukaa kitako mchana kutwa kama darasa lenye watoto hamsini. Saa tatu zilizotulia humtosha mtoto mdogo, bora ziwe za kila siku.

Na tujihadhari na ukali. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, ana mlango mzima wa kuonya kwamba ukali juu ya wanafunzi, hususan watoto wadogo, huwadhuru. Ameeleza kuwa mtoto anayelelewa kwa kuonewa hukosa uchangamfu, huwa mvivu, na hujifunza uongo ili ajinusuru. Ameeleza pia kuwa elimu hutolewa hatua kwa hatua, na somo hurejewa mara tatu, kila mara kwa kina zaidi. Shuleni, mtoto akikaripiwa na mwalimu hurudi kwa mamake kupata faraja. Mwalimu akiwa ni mama mwenyewe, mtoto atakimbilia wapi? Ukiona hasira yapanda, funga kitabu. Somo la hesabu hurejewa kesho, lakini moyo wa mtoto uliovunjika hauungwi kwa siku moja.

Sheria na mitihani

Suala la pili wengi hulikwepa, nami nalitaja kwa sababu haifai Mwislamu kuingia jambo gizani. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka kila mzazi ahakikishe kuwa mtoto wake anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na yaweka adhabu kwa anayepuuza. Sheria hiyo haikumfungulia waziwazi mlango mzazi anayetaka kusomesha nyumbani, na wazazi wamewahi kufikishwa mahakamani kwa ajili ya jambo hili. Kwa hivyo usimtoe mtoto kimya kimya. Nenda katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako ueleze haja yako. Shauriana na wakili ikiwa unaweza. Hifadhi cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule na nambari ya usajili ya mwanafunzi. Na kama familia kadhaa zitakusanya watoto na kumlipa mwalimu, zijue kuwa zimekaribia kufungua shule, na shule husajiliwa.

Baada ya sheria ni mitihani. Katika mtaala wa sasa wa umilisi, safari ya mtoto haipimwi kwa mtihani wa siku ya mwisho pekee. Tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, iitwayo KPSEA, huchanganywa na alama za kazi alizozifanya shuleni miaka ya nyuma. Tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, ni vivyo hivyo: mtihani wenyewe ni asilimia 60, KPSEA ni asilimia 20, na tathmini za Gredi ya 7 na 8 ni asilimia 20. Mtoto asiyekuwa katika daftari la shule yoyote miaka hiyo hupungukiwa na alama ambazo hawezi kuzitafuta kwa kukesha usiku mmoja. Ni vyema mzazi alijue hili mtoto akiwa Gredi ya 3, kuliko kuligundua akiwa Gredi ya 9.

Wako wanaochagua mitaala ya nje, kama ile ya IGCSE, ambayo mitihani yake huwapokea watahiniwa wa kibinafsi kupitia vituo vilivyoidhinishwa. Njia hiyo ipo, lakini ada hulipwa kwa kila somo, nayo si ndogo. Uliza gharama ya masomo yote hadi mwisho, uliza kituo kiko wapi, na uliza tarehe ya mwisho ya usajili, kabla ya kununua kitabu cha kwanza.

Vitabu na vifaa

Suala la tatu ni kitu cha kusomeshea, na hapa kuna wepesi kuliko wengi wanavyodhani. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, imeweka katika tovuti yake miongozo ya mtaala ya kila gredi, nayo hupakuliwa bila ya malipo. Humo mzazi ataona, somo kwa somo, mtoto wa gredi fulani yampasa ajue nini. Mwongozo huo ni dira, na kusomesha bila yake ni kutweka tanga bila ya kujua bandari. Taasisi hiyo hutoa pia orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa. Chukua orodha hiyo kwanza, kisha uende kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, utaokoa zaidi ya ulivyotarajia. Vipo pia vipindi vyake vya masomo vya redio na televisheni.

Kwa hadithi za watoto, mradi wa African Storybook una vitabu vifupi vya picha katika Kiswahili na lugha nyinginezo za Afrika, na yaruhusiwa kuvichapisha bila ya malipo. Kwa hesabu na sayansi, Khan Academy ni ya bure, ingawa lugha yake kubwa ni Kiingereza na yataka mzazi aketi kando ya mtoto. Mahali ambapo bando ni ghali au mtandao ni dhaifu, iko programu ya Kolibri, ambayo masomo hupakiwa mara moja kisha yakatumika bila ya intaneti. Tusisahau maktaba za umma, kama ile ya Mombasa, ambako mtoto hupata vitabu na pia hujifunza kukaa kimya pamoja na watu wengine wanaosoma. Na kwa mtoto anayechelewa kusoma au kusikia, usikimbilie kusema kuwa ni mzito au mtukutu. Kaunti zetu zina vituo vya EARC vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum. Mpeleke huko kwanza, upate kujua unachokitibu.

Na viko vifaa ambavyo Mola ametuwekea nje ya mlango. Mpe mtoto daftari, mwambie kila jioni kwa mwezi mmoja wa Hijria achore umbo la mwezi, na kando yake aandike bahari imejaa au imepwa kiasi gani. Mwisho wa mwezi ataona kwa macho yake mwenyewe kuwa bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja katikati yake. Wavuvi wetu wayajua hayo tangu zamani, nayo ni sayansi iliyomo vitabuni. Mpeleke Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ikatekwa na Waomani mwaka 1698. Mwache atoe hesabu mwenyewe, aone ni miaka 105. Mpe mizani dukani apime robo kilo ya mchele. Mfundishe zaka kwa kutafuta asilimia mbili na nusu ya fedha. Mtoto atakayegawa chungwa mafungu manane akajua kuwa moja ni thumuni, huyo amekwisha kupiga hatua ya kwanza ya mirathi.

Wenziwe ni nani, na nani atampima?

Mtoto hakuumbwa kuishi na wazazi pekee. Ukimtoa miongoni mwa watoto thelathini, yakupasa umtafutie wengine, hata wakiwa watano. Chuo cha jioni, timu ya mpira ya mtaa, binamu zake siku za Jumamosi, ziara za kuwaangalia wagonjwa pamoja na babake: hayo nayo ni masomo. Tulimtoa ili kumwepusha na sahibu wabaya. Tukimwacha bila ya sahibu yeyote, simu itakuwa sahibu wake, na huenda ikamwonyesha yale yale tuliyoyakimbia.

Kuhusu kupimwa, nina fundisho kutoka vyuoni mwetu. Maalim mwema hakuwa akimvusha mtoto kwenye juzuu nyingine kwa ushahidi wake peke yake. Alimpeleka kwa maalim mwenziwe amsikilize, kwani sikio lililozoea kosa halilisikii tena. Fanyeni hivyo kwa masomo yote. Kila mwezi, mtu asiyekuwa mama wala baba ampe mtoto ukurasa asioujua ausome kwa sauti, ampe hesabu tano, na amtake aandike barua fupi. Awe shangazi aliye mwalimu, mwalimu mstaafu wa mtaani, au jirani aliyesoma. Majibu yawekwe katika faili yenye tarehe. Lau mimi ningemtaka baba yule aniletee mtoto baada ya miezi mitatu tu, yule mama asingefika kwangu na habari ya kijiko.

Tusiliite jina lisilokuwa lake

Kuna neno zito ambalo lazima nilitamke. Ziko nyumba ambazo "elimu ya nyumbani" imekuwa jina zuri la kutosomesha. Karo imepungua, ndugu wa kiume wamebaki shuleni, na binti ndiye aliyetolewa "asome nyumbani". Ukimwuliza kitabu chake kiko wapi, ataonyesha jiko na mtoto wa kulea. Au mvulana ametolewa "ahifadhi", kumbe kutwa yuko dukani akipanga bidhaa. Huu ni udanganyifu, na anayedanganywa ni mtoto ambaye hana mahali pa kushtakia duniani. Ile hadithi ya mchunga na alichokichunga, tunayoisikia katika khutba nyingi, haikumtoa baba yeyote katika hesabu. Ikiwa tatizo ni karo, sema ni karo. Iko bursari ya kaunti, iko zaka, iko sadaka, ziko kamati za misikiti. Kusema kweli kutamfungulia mtoto mlango, na kuipamba aibu kwa jina la dini kutamfungia miwili.

Kwa upande mwingine, nimeiona nyumba inayostahili jina hilo. Binti wa miaka kumi na moja ana ugonjwa wa selimundu, na maumivu yakimshika hukaa kitandani hata wiki mbili. Wazazi wake hawakulifuta jina lake shuleni. Walikwenda kwa mwalimu mkuu wakakubaliana: siku anazoweza huenda, na siku asizoweza kaka yake huleta kazi za darasa nyumbani. Mama humsomesha lugha, na mjombake humsomesha hesabu. Faili yake niliiona mwenyewe, kila karatasi ina tarehe. Binti huyo amenisomea ukurasa wa gazeti bila ya kukwama, akiwa ameegemea mito.

Jawabu kamili

Wasomaji watauliza, yule mvulana je? Usiku ule ule nilikwenda nyumbani kwao, nikaketi na baba na mama pamoja. Nilimwomba mama radhi mbele ya mumewe, kwa sababu niliamua juu ya siku zake bila ya kumsikiliza. Tulizungumza hadi karibu na saa tano. Mwisho wake, wao wenyewe waliona kuwa nyumba yao, kwa hali yake ya sasa, haiwezi kubeba kazi ile. Mtoto amerudi shuleni, katika shule nyingine iliyo karibu zaidi, yenye mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu na mahali pa kusali Adhuhuri. Amewekwa Gredi ya 3, pamoja na watoto waliompita yeye kwa ufupi na wakampita kwa masomo. Siku za kwanza alilia. Chuo chake cha jioni hakikukatwa, na sasa yuko katika juzuu ya tatu. Baba hufunga duka Magharibi siku za Jumatatu na Jumatano, akaketi naye kwa hesabu. Hasara ya mauzo ipo, na ameikubali.

Wiki iliyopita nilimkuta mvulana huyo nje ya msikiti. Nilitoa chungwa mfukoni nikamwomba anigawie nusu. Akanitazama kama mtu anayejua kwa nini ameulizwa, akalikata sawasawa kwa kisu cha muuza machungwa, akanipa fungu langu.

Mzazi mwenzangu, akija mtu kukuuliza kama amtoe mtoto wake shuleni, usimjibu ukiwa umesimama. Mkaribishe akae. Muulize nani atasomesha, na kama ameulizwa. Muulize saa ngapi, kwa kitabu gani, pamoja na watoto gani, kwa idhini ya nani, na nani atampima. Akiwa na majibu ya hayo, muombee baraka na umsaidie. Asipokuwa nayo, mwambie asubiri hadi ayapate, na katika muda huo aende shuleni akazungumze na mwalimu juu ya yale yanayomuudhi, kwani shule nyingi hubadilika wazazi wanapofika mlangoni kwa adabu na kwa wingi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape mama zao nguvu na baba zao nafasi, na atusamehe sisi tuliojibu kwa haraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.